Jinsi ya Kumkosoa Mtu na Bado Mkanywa Chai Pamoja

Probox ya kutoka Gitega kwenda Muyinga hubeba watu wengi kuliko viti. Siku hiyo nyuma tulikuwa wanne, magoti yamepishana, na mbele abiria wawili wamegawana kiti kimoja. Tulipokaribia Karuzi, mzee aliyekaa dirishani alimaliza maji yake, akashusha kioo, akatupa chupa nje. Kijana mmoja mwenye suruali iliyonyooshwa na mkoba wa kompyuta mapajani akamgeukia.

"Wewe mzee, huna adabu? Watu kama nyinyi ndio mnaoirudisha nchi nyuma!"

Dereva alipunguza redio. Mzee hakujibu. Alifungua mfuko wake wa nailoni taratibu, akatoa gunzi la muhindi alioumaliza tangu Gitega, akalitupa nje. Likafuata ganda la ndizi. Kisha, akimtazama kijana usoni, akautupa na mfuko wenyewe. Tukaingia Muyinga hakuna aliyemuaga mwenzake.

Kijana alisema kweli, kwani chupa haitupwi barabarani. Lakini alianza na chupa moja akamaliza na chupa, gunzi, ganda na mfuko. Kosa alilolikuta lilikuwa moja, akaliacha limezaa. Na mzee yule, kwa nilivyomwona, hatamsikiliza tena kijana yeyote mwenye mkoba wa kompyuta, hata akija na habari ya chanjo ya wajukuu wake.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimezaliwa Muyinga, kwenye mtaa wa Waswahili, na nafundisha Gitega. Kwa hiyo kukosoa ndiyo kazi inayonilisha. Kalamu nyekundu nimeishika miaka mingi, na kwa mkono huohuo nimeumiza watu. Mwongozo huu nauandika kwa sababu ninaamini kukosoana ni kazi inayoweza kufanywa vizuri, kama kupika pilau au kushona koti. Ina vifaa vyake, ina moto wake, ina muda wake wa kuepua.

Vifaa

Tafuta viti viwili vya kimo kimoja. Ukikaa wewe kwenye kiti cha kuegemea na yeye ukampa kigoda, hayo si maongezi tena, ni mahakama, na mtu aliyefikishwa mahakamani kazi yake ni kujitetea.

Tafuta kinywaji. Kwetu Muyinga, ukitoka msikitini, ni chai ya tangawizi. Kwa jirani Mkristo wa kilimani ni urwarwa, pombe ya ndizi. Kwa mtu usiyejua mwiko wake ni fanta, na Burundi fanta ni soda yoyote, iwe ya rangi gani. Kinywaji kina kazi. Mtu anayemeza hawezi kujibu papo hapo, na jibu lililocheleweshwa kwa funda moja huwa limepungua ukali.

Tafuta usiku mmoja. Kosa uliloliona leo likosoe kesho, isipokuwa mtoto anakaribia moto au dereva anasinzia. Asubuhi utakuta nusu ya uliyotaka kusema imeyeyuka yenyewe. Nusu hiyo haikuwa nasaha. Ilikuwa hasira yako, imevaa kanzu ya nasaha.

Kifaa cha mwisho hakipatikani soko lolote, si la Gitega wala la Muyinga: jambo moja zuri, la kweli, unalolijua juu ya mtu huyo. Lisiwe sifa ya kumlainisha. Liwe jambo ulilolishuhudia. Kama huna hata moja, rudi nyumbani. Humjui vya kutosha kumkosoa.

Jua jina la unachokifanya

Kirundi kina maneno mawili yanayofanana kama ndugu: guhana na guhanura. La kwanza ni kuadhibu, la pili ni kumpa mtu ushauri wa kumwongoza. Kati yake ni silabi moja tu, lakini aliyehanurwa hulala vizuri, na aliyehanwa hulala akipanga. Kabla hujavuka uzio wa jirani, jiulize umebeba lipi kati ya hayo mawili.

Kiswahili nacho kimetupa kabati zima. Kuna kuonya, kukanya, kukemea, kukaripia, kufokea, kumrudi mtu, kumpa nasaha, kumweka kitako. Na kuna kusuta. Kusuta ni ufundi wa pwani uliosafiri hadi bara pamoja na lugha: mwenye kusengenya anaendewa mlangoni kwake, mbele ya mashahidi, maneno yake yanarudishwa mdomoni mwake moja baada ya jingine. Nimeshawahi kuona kusutwa kwa kweli. Aliyesutwa alikuwa na kosa, hilo halina ubishi. Lakini alihama mtaa, na watoto wake wakakua bila kujua nyumba ya bibi yao mkubwa. Kusuta kunamaliza maneno, na mara nyingi kunamaliza na ujirani.

Kisha kuna kanga. Zinavuka mpaka wa Kobero zikitoka Tanzania, na mama zetu wa Muyinga hawachagui kwa rangi peke yake, wanasoma kwanza. Jirani aliyekukosea unapita mbele ya nyumba yake umejifunga maneno kiunoni, hujafungua mdomo, na ujumbe umefika. Ni sanaa nzuri na ninaiheshimu. Mwongozo huu hauipendekezi. Anayekosolewa kwa kanga hapewi nafasi ya kuuliza "nimekosa nini hasa?", na anayekosoa kwa kanga anaweza kukana kila kitu: "Mimi? Nimevaa tu." Wakati huohuo majirani wanne wasiohusika nao wamesoma, na kila mmoja anadhani kaambiwa yeye.

Nenda kwa wenye fimbo

Wazee wetu walikuwa na chuo cha kazi hii. Hakikuwa na jengo. Kilikaa chini ya mti, kwenye kila kilima, na wahitimu wake waliitwa abashingantahe. Jina lenyewe linatokana na kusimika intahe, fimbo inayogongwa ardhini wakati wa kutoa haki.

Cha kujifunza kwanza kwao ni jinsi walivyopatikana. Mtu hakujiita mushingantahe. Alitazamwa miaka: anagawaje chakula, anasemaje na mke wake, anafanya nini akilewa, anatunza siri au anaitembeza. Mkubwa mmoja alimshika mkono akamfunza. Ndipo siku ikafika akaapishwa mbele ya kilima kizima, pombe ikanywewa, na mke wake akiwepo. Kwa hiyo alipokuja kumwambia mtu "hapa umekosea", kilima kilikuwa kimeshamkosoa yeye kwanza, kwa miaka, kikamwona anastahili. Sisi leo tunaanzia mwisho. Tunashika fimbo asubuhi, tunatafuta tabia njema jioni.

La pili ni mpangilio wao. Walimsikiliza wa kwanza hadi amalize. Wakamsikiliza wa pili hadi amalize. Wakauliza mashahidi. Halafu, na hapa nakuomba utulie nami kidogo, walijitenga kando wakashauriana kabla ya kutamka neno. Ile hatua ya kujitenga ndiyo tuliyoipoteza. Ndugu zangu, ni ipi kati ya nyumba zetu ambapo baba na mama hujitenga kwanza wakashauriana kabla ya kumwita mtoto aliyevunja kitu? Baba anasikia kishindo, anafoka akiwa bado hajaona kilichovunjika. Nimeshasikia mtoto akikaripiwa kwa sahani iliyovunjwa na paka.

Wakirudi kutoka faraghani, aliyekosa aliambiwa wazi kwamba amekosa. Hawakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alilipa alichotakiwa kulipa. Na baada ya hapo wagombanao walikaa wakanywa kwenye chungu kimoja. Yeyote aliyewahi kunywa impeke, pombe ya mtama, kwa mirija kutoka chungu kimoja, anajua kwamba vichwa vinakaribiana. Huwezi kunywa hivyo ukiwa umempa mwenzako mgongo.

Sitaki kuwapamba kupita walivyokuwa. Kulikuwa na agatutu k'abagabo, kibuyu cha pombe cha kuwashukuru wazee, na kibuyu hicho mahali pengine kikageuka kutoka shukrani kuwa bei: asiye nacho kesi yake haikusikilizwa. Wanawake na vijana kwa muda mrefu walibaki kando ya duara. Serikali nazo, kuanzia za kikoloni, ziliwavuta wazee hao huku na huku. Mkataba wa amani ya Burundi, wa Arusha mwaka 2000, ulitaka hadhi yao irudishwe, sheria ya tawala za komuni ya 2005 ikawapa madiwani wa kuchaguliwa nafasi ya usuluhishi kilimani, na sheria ya 2021 ikaleta wazee wa kuchaguliwa wa intahe yo ku mugina, yaani baraza la kilima. Majina yamebadilika. Lakini mpangilio ule wa kusikia, kujitenga, kutamka na kunywa pamoja hauhitaji sheria ya bunge. Unaweza kuutumia leo usiku, jikoni kwako.

Kuna methali ya Kirundi inayotajwa sana zinapotajwa sifa za mushingantahe: ijambo rigukunze rikuguma mu nda. Neno linalokupenda hukaa tumboni mwako. Ukimkosoa mtu faraghani kisha ukaenda kuhadithia barazani jinsi ulivyomkosoa, umemkosoa mara mbili, na mara ya pili hakuwepo kujitetea. Mwongozo huu unahesabu hilo kuwa kosa kubwa kuliko lile ulilokwenda kulikosoa.

Namna ya kufungua mdomo

Muyinga tunaishi Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, na katika jambo hili vitabu vyetu vinasaidiana. Waislamu tunajua Musa na Haruni walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa waseme naye kwa upole. Tafakari hapo. Firauni alikuwa akichinja watoto, na bado aliyemtuma Musa alitaka lugha laini. Shemeji yako aliyechelewa kurudisha jembe hajafika kwa Firauni.

Wakristo wana Injili ya Mathayo, sura ya 18: ndugu akikukosea, nenda kwanza wewe na yeye tu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia tena, ndipo lifike kwa kusanyiko. Ni ngazi ya vidato vitatu. Tabu yetu ni kwamba tunaruka moja kwa moja kwenye kidato cha juu, na siku hizi kusanyiko limo mfukoni: kundi la ukoo kwenye WhatsApp, watu sitini, wengine wako Ulaya na hawajui hata jembe lenyewe ni lipi. Usimkosoe mtu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tano kwenye kundi. Mpigie. Kama una nauli, nenda.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha bedui aliyeingia msikiti wa Mtume, Madina, akakojoa ndani. Masahaba wakamrukia. Mtume akawazuia: mwacheni amalize. Akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale. Alimweleza pia mtu yule kwamba nyumba hii si ya mambo hayo, ni ya kumtaja Mungu na kusali. Angalia alivyofanya. Kwanza hakumwongezea madhara: mtu aliyeshtuliwa katikati angechafua msikiti mzima na nguo zake juu. Uchafu ukasafishwa. Maneno yalikuwa machache, yakieleza sababu. Kijana wa Probox angeanza na ndoo, yaani angemwambia mzee: "Babu, nipe hizo takataka, nina mfuko hapa, tutazitupa tukishuka." Chupa moja ingebaki Karuzi, na kila kitu kingine kingefika Muyinga.

Mwenye kosa akiwa mkubwa kwako, ugumu unaongezeka, maana kwetu mdogo hamkosoi mkubwa. Kinasimuliwa kisa cha Hassan na Hussein, wajukuu wa Mtume, walipomwona mzee akitia udhu vibaya. Hawakumwambia amekosea. Walimwendea wakisema, "Babu, sisi tunabishana nani kati yetu anatia udhu vizuri zaidi, tuamulie." Wakatia udhu mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kikamilifu. Mzee akatazama, akaelewa, akakiri mwenyewe kwamba asiyejua alikuwa yeye. Nimeijaribu njia hii kwa mkuu mmoja wa kazi aliyekuwa akikosea hesabu za wanafunzi. Nilimpelekea karatasi yangu nikamwomba anikagulie. Alikaa nayo dakika kumi, akanirudishia, na jioni akarekebisha ya kwake. Hatukuwahi kulizungumza.

Sasa maneno yenyewe. Taja kitendo, usitaje mtu. "Deni halijalipwa" ni habari. "Wewe ni mdaiwa sugu" ni jina, na mtu akishapewa jina hulivaa. Kwetu Burundi tunalijua hili kuliko wengi. Neno "Muswahili" lenyewe, ambalo sisi wa mtaani tunalibeba kwa fahari, limetumiwa miaka na miaka kumaanisha mjanja, mwongo, mtu wa kona. Mfanyabiashara mmoja akikosea mizani sokoni, lawama iliangukia mtaa mzima. Ukimkosoa mtu kwa kutaja kabila lake, dini yake, kilima chake au kambi aliyolelewa, hujakosoa chochote. Umefungua mlango ambao nchi hii imezika watu wengi mno kwa kuufungua.

Kipimo ni kosa moja kwa kikao kimoja. Usije na faili. Mke anayeambiwa chumvi imezidi leo asikumbushwe wali ulioungua kwenye harusi ya mwaka 2016. Ukimaliza kusema, nyamaza. Hapo ndipo wengi wanaharibu: ukimya unawatisha, wanarudia tena kwa ukali zaidi, mpaka aliyekuwa ameshakubali moyoni anabadili mawazo. Mnyweshe chai. Uliza habari za mtoto aliyekuwa na homa.

Pale ambapo faragha haifai

Kuna makosa ambayo kuyakosoa chumbani ni kuyaficha. Anayempiga mkewe hasubiri kuitwa kando kwa chai huku mkewe akivuja damu. Hapo piga kelele, waite watu, mtoe mama yule mlangoni. Anayekula fedha za dawa amekula za wote, na wote wana haki ya kusikia.

Mfano mkubwa tunao. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mpatanishi wa Warundi katika vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe, alifariki Oktoba 1999, na kazi ikamwangukia Nelson Mandela. Januari 2000 alikutana na wanasiasa wetu Arusha. Hakuwabembeleza. Mbele ya dunia nzima aliwaambia kwamba kuuawa kwa wanaume, wanawake na watoto kila siku ni hatia inayomkabili kila mmoja wao, na akawauliza kwa nini wanakubali kuonekana viongozi wasio na maono. Waliokuwa wakisikiliza redio siku hiyo wanajua jinsi maneno yale yalivyochoma. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo mkataba ulitiwa saini, ingawa bunduki hazikunyamaza siku hiyo.

Ukitaka kukemea hadharani kama Mandela, jipime kwa vipimo vyake. Kosa lilikuwa la hadharani na lilikuwa linaua. Aliowakemea walikuwa na nguvu, hawakuwa wanyonge wa kuchekwa. Naye alikuwa ametoka kifungoni baada ya miaka 27 akawasamehe waliomfunga, hivyo hakuna aliyeweza kusema anafoka kwa chuki. Kosa likiwa dogo, mtu akiwa dhaifu, na wewe ukiwa na donge lako, rudi kwenye viti viwili na chai.

Karamu

Sasa nieleze kwa nini nimeshika kalamu.

Kirundi hakitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyotenganisha. Mtoto aliyelelewa kilimani anaweza kusema "nirikwenda kurara" na asisikie tofauti yoyote. Huo si ujinga. Ni sikio lililofundishwa lugha nyingine kwanza, na kazi ya mwalimu ni kulifundisha ya pili. Kiswahili kiliingia rasmi katika shule za msingi Burundi ulipokuwa unakaribia mwaka 2007, tulipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watoto wetu wengi darasani ndio mara yao ya kwanza kukitamka mbele ya watu.

Miaka kadhaa iliyopita, msichana mmoja darasani kwangu alisimama akaniambia, "Mwalimu, nimesahau karamu yangu nyumbani."

Alimaanisha kalamu. Nilimwelewa. Hakuna mtu chumbani mule ambaye hakumwelewa. Lakini nilitaka darasa lichangamke, nikasema, "Karamu? Umepika pilau la watu wangapi?"

Walicheka hadi madawati yakatikisika. Yeye alisimama akishika ncha ya kola ya sare yake, akiizungusha kidoleni, akisubiri nimruhusu kuketi. Nilichelewa kumruhusu kwa sababu na mimi nilikuwa nacheka. Tangu siku hiyo aliitwa Karamu, darasani, kisimani, njiani. Na tangu siku hiyo hakuzungumza Kiswahili tena kwenye somo langu. Mitihani ya kuandika alifaulu vizuri, r na l zake zote mahali pake. Mdomo wake ndio alioufunga.

Nilimfundisha herufi moja, nikamnyang'anya lugha nzima.

Mwaka jana nilikwenda Kobero kumpokea ndugu aliyekuwa akitoka Tanzania. Karibu na maegesho ya malori palikuwa na mwanamke anayeuza chai na maandazi. Madereva walikuwa wakimwita, "Karamu! Leta mbili!" Nilimtambua kwa namna alivyoshika kola ya blauzi yake alipokuwa akihesabu chenji.

Yeye alinitambua kabla sijasema. "Shikamoo, mwalimu." Kiswahili chake kilikuwa safi, cha barabarani, chenye madereva wa Dar es Salaam na Mwanza ndani yake. Malori yalikuwa yamefanya kazi niliyoshindwa.

Kwa mpangilio wa mwongozo huu ningemwita kando. Lakini kosa langu lilifanyika mbele za watu, na jina lile lilikuwa linaitwa mbele za watu. Basi nilisimama palepale, madereva wakisikia, nikamwambia: "Mimi ndiye niliyekupa jina hilo. Nilikukosea. Nisamehe." Hakulia, wala hakunikumbatia kama kwenye sinema. Alinimiminia chai, akaniwekea andazi, akasema, "Kaa, mwalimu, chai itapoa." Nilipotaka kulipa alikataa, nikaacha pesa chini ya kikombe.

Ana jina lake, zuri, alilopewa na wazazi wake. Ukipita Kobero ukasikia wenzako wanamwita Karamu, wewe usimwite hivyo. Muulize jina lake, na ununue maandazi.